Ndiyo ya Pumzi

Mwezi wa Januari halmashauri iliwaita wahudumu wote wa nyumbani kwenye ukumbi wa shule iliyofungwa, ili wafundishwe kusoma lugha ya mwili. Walikuja kumi na wanne, karibu wote wanawake, wakakaa kwenye viti vya watoto bila kuvua makoti, kwa sababu shule ikishafungwa hakuna anayeipasha joto. Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.

Barbro Nyström, mwenye miaka sitini na mmoja, alikaa safu ya nyuma karibu na rafiki yake Siv, mikono ameikunja kifuani.

Mwalimu aliitwa Pernilla. Alikuwa afisa wa tathmini wa halmashauri, yule anayeamua mzee gani asaidiwe vipi, na alikuwa amehamia huku kaskazini vuli iliyopita akitokea kusini kabisa mwa nchi, ambako mashamba ni tambarare na watu huongea hata wakiwa wanatafuna. Si mtu mbaya. Alikuwa kijana, msomi, na ana picha zake za kuonyesha ukutani.

"Mtu akikunja mikono hivi," alisema, "amejifunga. Hataki kukusikiliza. Kwa mfano, wewe dada pale nyuma."

Vichwa kumi na vitatu vikageuka.

"Mimi?" Barbro akasema. "Mimi nasikia baridi."

Watu wakacheka kwa pua, kama wanavyocheka huku, bila kufungua mdomo. Pernilla naye akacheka, akaendelea. Mtu anayekwepa macho yako, alisema, ama anaficha kitu ama hajaelewa. Kwa hiyo mkalie mzee uso kwa uso, goti kwa goti, umtazame machoni, na usiache ukimya urefuke, maana ukimya humtia mtu wasiwasi.

Siv akamwinamia Barbro sikioni. "Wewe kamkalie yule mzee wetu Hilding goti kwa goti uone. Atadhani umekuja kumchumbia."

"Hilding? Atachungulia dirishani kwanza nimekuja na gari gani."

Barbro hakuwa na picha za ukutani. Alichokijua alikipata kiwandani, wakati mji huu mdogo wa kando ya mto ulipokuwa bado na kiwanda cha kupasua mbao. Aliingia akiwa na miaka kumi na saba, akawekwa kwenye meza ndefu ya kuchambua mbao, na misumeno ilinguruma kiasi kwamba hata ungepiga kelele mpaka mshipa wa shingo utoke, jirani yako asingesikia neno. Basi watu waliongea kwa viungo vya mwili. Kidole kwenye kofia maana yake msimamizi anakuja. Kiganja tumboni maana yake nishikie nafasi, naenda chooni. Nyusi, bega, namna mtu alivyoegemea mguu mmoja, vyote vilikuwa na habari. Mke akigombana na mumewe asubuhi, kufikia saa nne kiwanda kizima kilishajua, na hakuna aliyekuwa ametamka kitu.

Kiwanda kilifungwa. Waliokifunga walikuja kwa ndege, wakaondoka kwa ndege, na mashine zikauzwa kama vyuma chakavu. Barbro akaingia huduma ya nyumbani, na huko pia zamani kazi ilikuwa na maana. Ulifika kwa mzee, ukawasha jiko, ukachemsha kahawa, ukakaa. Katika kukaa huko ndiko ulikogundua kwamba leo anashika meza anapoinuka, kwamba hajagusa gazeti, kwamba viatu vya marehemu mkewe vimerudishwa mlangoni. Sasa kila mhudumu amepewa simu inayohesabu dakika. Kuosha, kumi na tano. Chakula, kumi. Vidonge, tatu. Kukaa hakumo kwenye orodha. Wameondoa kukaa, halafu wameleta semina ya kufundisha yale ambayo watu walijifunza kwa kukaa.

Hilding Bäcklund alikuwa wa msumeno mkubwa, miaka thelathini na tisa kazini. Alipofika themanini na sita, mwezi wa Julai, kiharusi kilimpata akiwa anapanga kuni. Kilimchukulia ulimi na upande wa kulia wote. Mdomo ulipinda, na ule mkono uliokuwa maarufu kiwandani kwa kusema mambo ya aibu kutoka umbali wa mita hamsini ukalala mapajani kama glavu tupu. Madaktari walisema masikio yako sawa. Kuhusu akili hawakuwa na hakika.

Aliendelea kukaa nyumbani kwake, nyumba ya mbao yenye jiko la kuni, mto chini ya dirisha, na wahudumu wakimwendea mara nne kwa siku. Hakuwa na mtoto. Ndugu wa karibu alikuwa Kenneth, mtoto wa kaka yake, fundi bomba anayeishi mji wa pwani, kilomita mia moja na arobaini. Kenneth alikuwa amemtafutia chumba katika nyumba ya wazee huko pwani. Alifanya hivyo kwa wema na kwa uchovu. Kila simu ikilia usiku alidhani ni taarifa kwamba baba mdogo amekutwa sakafuni.

Sheria ilikuwa nyepesi kueleweka. Kama Hilding anaweza kusema hataki, hakuna wa kumhamisha. Kama haelewi na hawezi kujibu, Kenneth ataamua kwa niaba yake. Na wa kusema anaweza au hawezi alikuwa Pernilla.

Pernilla alikwenda kumpima mwezi wa Februari, wiki ambayo Barbro alikuwa kitandani na homa. Barbro aliporudi kazini alikuta ripoti kwenye faili juu ya meza ya jikoni kwa Hilding, akaisoma amesimama, koti bado mwilini.

"Hajibu maswali," iliandikwa. "Hatazami anayezungumza naye. Mara nyingi anageuza uso na kutazama dirishani, hali inayoonyesha kwamba hafuatilii. Anavuta pumzi kwa ghafla, dalili ya hofu au ya maumivu ya kifua. Napendekeza apigwe picha ya mapafu."

Chini yake mkono mwingine uliandika: picha imepigwa, mapafu ni mazima.

Barbro alicheka kwanza. Mzee wa watu amepakiwa garini kilomita mia na arobaini kwenda hospitali ya pwani, mia na arobaini kurudi, kwa kosa la kusema ndiyo. Kisha akaacha kucheka.

Maana watu wa huku hawasemi ndiyo. Wanaivuta. Ukimuuliza mtu kama barabara imeondolewa theluji, atavuta hewa kidogo kupitia midomo, kwa ufupi, kama mtu anayeonja kahawa ya moto, na hapo umejibiwa. Wapo waliofunga ndoa kwa pumzi hiyo, na mchungaji akaridhika. Na hapana hawaitupi usoni mwa mgeni, wanaona ni utovu wa adabu. Ukiuliza kitu wasichokitaka, wanatazama dirishani kana kwamba hali ya hewa imewaita. Mgeni mwenye akili huaga. Wa kusini wamesikia habari za pumzi hiyo na huitania, lakini ndiyo ya Hilding mdomo uliopinda ulikuwa umeinyang'anya mlio wake. Kilichobaki ni kifua kupanda mara moja na kusimama. Asiyejua angeita daktari.

"Hilding," Barbro akasema, "ulimjibu yule dada?"

Kifua kikapanda, kikasimama.

"Yote?"

Kikapanda tena, na safari hii kulikuwa na hasira ndani yake.

Akampigia Pernilla simu palepale, dakika za kuosha zikienda bure.

"Yule mzee anajibu."

"Barbro, najua unampenda sana—"

"Sijasema nampenda. Ananiudhi tangu niko kiwandani. Nimesema anajibu."

"Siwezi kuandika kwa sababu wewe umesema. Lazima nione. Nakuja Alhamisi pamoja na Kenneth, na siku hiyo nafunga faili. Njoo nawe."

Siku tatu hizo Barbro hakulala vizuri. Kilichomsumbua hakikuwa Pernilla. Alijiuliza kama ni kweli. Miezi minane amekuwa akimuuliza mzee maswali na kuona jibu, na mtu anayetaka sana kuona, huona. Je, kama kile kifua kinapanda tu kwa sababu ni kifua? Akiwa amekosea, Hilding atakwenda pwani na yeye atabaki kuwa mwanamke aliyekuwa akiongea na jiko.

Alhamisi ilikuwa na jua kali juu ya theluji ya Machi. Jikoni, Hilding alikuwa kwenye benchi lake la ukutani, blanketi mapajani. Kenneth alisimama karibu na mlango akizungusha kofia mkononi, mtu mkubwa, mwekundu shingoni. Pernilla alivuta kiti, akakiweka mbele ya Hilding, goti kwa goti, akafungua faili.

"Haya, Barbro. Tuonyeshe."

Barbro akamwinamia mzee. "Hilding, unaitwa Hilding?"

Kifua kikapanda, kikasimama.

"Umeona?"

"Nimeona anapumua," Kenneth akasema. "Hata mimi napumua."

"Hilding, jana ulikula samaki?"

Kifua kikapanda.

"Na kweli alikula samaki, niliwapika mimi."

"Ndiyo shida yenyewe," Pernilla alisema, kwa upole unaouma zaidi kuliko ukali. "Wewe unajua jibu. Unalisubiri, kwa hiyo unaliona. Sisemi unadanganya."

Barbro akahisi uso unawaka. Akamtazama Hilding, na Hilding akawa anamtazama kwa jicho la mtu wa msumeno anayeona ubao unakuja kombo na mwenzake amelala.

"Basi mimi natoka," akasema. "Naenda kwenye kuni. Muulizeni wenyewe. Muulizeni anayoyajua Kenneth, mimi siyajui na wewe Pernilla huyajui."

"Sawa."

"Lakini si hivyo ulivyokaa. Ondoa hicho kiti. Unamkalia mzee kama polisi. Keti hapo kwenye benchi, ubavuni kwake, wote mtazame upande mmoja."

"Kama tuko ndani ya gari?"

"Hivyo hivyo, kama mko ndani ya gari. Uliza swali moja, halafu funga mdomo. Usimsaidie. Ukiona huwezi, hesabu moyoni mpaka kumi na tano. Akikubali, kifua kitapanda mara moja na kusimama. Akikataa atatazama nje. Basi, hakuna kingine."

Akatoka.

Rundo la kuni lilikuwa mita kumi kutoka dirishani, na dirisha lilikuwa kubwa. Barbro akasimama na gogo mkononi. Hakusikia neno. Tangu kiwanda kifungwe hakuwa amesimama tena hivi, kutazama watu wakiongea na kuambulia miili yao tu, na macho yake yalirudi kazini bila kuulizwa.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mdomo wa Pernilla ulikwenda, ukakoma, ukaenda tena kabla Hilding hajapata nafasi. "Nyamaza, mwanamke," Barbro akaliambia gogo. Pernilla akauliza, akajibu mwenyewe, akatabasamu. Hilding akafumba macho.

Kisha Pernilla akaweka mkono kwenye paja lake mwenyewe, na Barbro akaona vidole vikianza kugonga polepole, kimoja kimoja. Alikuwa anahesabu. Mdomo ulikuwa umefungwa kabisa, midomo imebanwa kama ya mtoto aliyekatazwa. Pigo la kumi. La kumi na moja.

Kifua cha Hilding kikapanda, kikasimama.

Pernilla akageukia mlangoni, na Kenneth akajikuna shingo. Swali jingine likaulizwa, vidole vikagonga. Hilding akageuza uso akatazama nje, moja kwa moja kwenye rundo la kuni, moja kwa moja kwa Barbro, na macho yake ya buluu yalikuwa na ukali wa zamu ya asubuhi. Hapana, yalisema. Na wewe unasimama nini hapo, beba kuni.

Barbro akabeba gogo la pili.

Yakaja mengine. Juu, dirishani. Juu, juu. Dirishani. Pernilla alianza kuandika haraka, halafu akaacha kutazama karatasi. Kenneth akaacha kuzungusha kofia. Akapiga hatua moja kutoka mlangoni, ya pili, na mara akaketi kwenye benchi upande wa pili wa mzee, kwa kishindo kilichotikisa vikombe rafuni. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akiuliza. Aliuliza kitu kwa kidole kilichonyooshwa kuelekea bandani. Hilding akatazama dirishani. Kenneth akauliza tena, taratibu, na kifua cha mzee kikapanda. Kenneth akajipiga paji la uso, akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Barbro hakujua kama analia au anacheka, na hilo halikumtokea mara nyingi.

Wote watatu wakawa wamekaa kwa mstari, wakitazama mbele. Kenneth akasema kitu kirefu, mikono ikieleza ukubwa wa chumba, na madirisha, na umbali. Hilding akamwacha amalize. Akageuza shingo akatazama nje, safari hii si kwa Barbro wala kuni, bali mtoni. Kenneth akasema tena. Shingo haikurudi. Vidole vya Pernilla vilifika kumi na tano vikaanza upya, na shingo ile ilikuwa bado pale pale kama imepigiliwa msumari.

Kisha Kenneth akauliza swali fupi.

Kifua kikapanda. Kikapanda juu kuliko mara zote, blanketi likateleza kutoka mapajani, na kikasimama huko juu kwa muda mrefu hivi kwamba Barbro, nje kwenye theluji, alijikuta naye ameshikilia pumzi. Halafu mzee akaishusha, akatulia.

Pernilla akaweka kalamu chini.

Barbro aliingia na kuni mpaka kidevuni. Akazitua karibu na jiko.

"Lile dirisha la banda," Kenneth akasema. "Mwaka wa sabini na nne. Baba alinichapa kwa lile dirisha. Nimemuuliza baba mdogo kama ni mimi niliyelivunja, akatazama nje. Nikamuuliza kama ni baba mwenyewe, akavuta! Miaka arobaini na zaidi nimebeba lile dirisha, na huyu alikuwa anajua!"

"Hukumuuliza," Barbro akasema.

Hilding akavuta pumzi.

Kenneth akacheka huku akijifuta macho kwa kofia. "Nimemwambia habari ya chumba mara mbili. Kinaona bahari. Unamwona alivyo? Mbishi kama mbuzi. Mwisho nikamuuliza, baba mdogo, unataka kufia humu ndani?" Akalirudisha blanketi mapajani kwa mzee. "Unajua alivyojibu."

"Nimeona."

Pernilla alikuwa anatazama karatasi zake. "Maswali ishirini na mawili," akasema. "Manne nilimtega makusudi, nikauliza kinyume. Hakukosa hata moja." Akanyamaza, na hakuujaza ule ukimya. Kisha akasema, taratibu, "Februari alinijibu yote. Nilikaa hapa saa nzima ananijibu, nikaandika hajibu, nikampeleka kupigwa picha."

Palikuwa na mengi ambayo Barbro angeweza kusema hapo, kuhusu semina na picha za ukutani na mikono iliyokunjwa. Alikuwa ameyatayarisha siku tatu. Akamtazama yule dada, namna alivyokaa mabega yameshuka na miguu imeelekea kwa Hilding badala ya mlangoni, akaona ameshaelewa.

"Kahawa?" akauliza.

Wakanywa kahawa na vipande vya jibini ndani yake, kama ilivyo desturi ya huku, wote wanne, Kenneth akimnywesha mzee kwa kisahani kwa mkono wa fundi bomba usiotetemeka. Pernilla akaandika uamuzi kwenye meza ile ile: mkazi anaelewa, anajibu, na amekataa kuhama. Akatia sahihi, akausoma kwa sauti. Aliposoma neno "amekataa," Hilding akaitikia kwa kifua, ili lisije likapotea.

Simu ya Barbro ilikuwa imelia mara sita mfukoni. Alipoingia garini akapokea.

"Dakika themanini na moja!" msimamizi wake akasema. "Orodha inasema vidonge, dakika tatu! Umefanya nini huko?"

"Nimebeba kuni," Barbro akasema, akakata. Akaendesha gari na dirisha limefunguliwa katika baridi ile, akiimba kwa sauti wimbo wa kanisani ambao hakuwahi kuupenda. Alichelewa kwa wazee wote waliobaki siku hiyo, na kila mmoja alimsamehe alipomsimulia. Mjane mmoja alimfanya asimulie mara mbili, mara ya pili kwa vitendo.

Wiki iliyofuata Pernilla aliomba kitu kimoja kiandikwe: ukurasa mmoja wa kubandikwa ndani ya mlango wa kabati la Hilding, kwa ajili ya wahudumu wa zamu na wageni. Barbro aliuandika kwa penseli jikoni pale, akimsomea Hilding kila mstari ili aukubali au autupe. Akivuta pumzi ni ndiyo. Akitazama dirishani ni hapana. Akitazama jiko anasikia baridi. Akifumba macho unaongea sana. Kaa ubavuni. Subiri.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuandika lugha ile, baada ya watu kuitumia maisha yao yote na kuizika kidogo kidogo pamoja na waliokufa. Mwishoni Barbro akamuuliza kama kuna kingine cha kuongeza, na Hilding akamtazama, akautazama mtungi wa maziwa uliokuwa mezani, kisha akageuza shingo kwa nguvu kuelekea dirishani.

"Hutaki maziwa?"

Dirishani.

"Kwenye kahawa? Tangu lini?"

Ikabidi aulize mwezi mmoja mmoja mpaka wakafika Julai, mwezi wa kiharusi. Miezi minane, mara nne kwa siku, wahudumu tisa, na yeye akiwa mmoja wao siku alizokuwa na haraka, walikuwa wamemwekea maziwa mtu aliyekunywa kahawa nyeusi tangu ujana wake. Barbro akaimwaga ile iliyokuwa kikombeni, akatia nyingine nyeusi kama lami, akamshikia kisahani. Hilding akanywa yote bila kupumzika, akalamba upande wa mdomo uliobaki wake, akanyoosha shingo kuomba kingine.